Umerudi Dodoma baada ya upasuaji wa kupunguza uzito. Nani ajue?

Wengi wanaokuja kwangu baada ya upasuaji wa kupunguza uzito wana ombi moja kabla hata sijafungua faili: "Naomba hili liishie humu ndani." Mume anajua, pengine. Mama hajui. Kazini wameambiwa ni ngiri, au mawe kwenye kifuko cha nyongo. Mimi ni mtaalamu wa lishe tiba hapa Dodoma na siri ya mgonjwa naitunza kama inavyotakiwa. Ila siri ya namna hii nimeiona ikiwasumbua watu kuliko kidonda chenyewe. Ukishapunguzwa tumbo, kila siku unapita mikononi mwa mtu mwingine: anayekupikia, anayekupakulia, anayekuuzia dawa. Hao wote wakiwa hawajui, kila mmoja atakudhuru kwa nia njema.

Kwa nini watu wanaficha, naelewa. Kwetu mwili mnene bado unasomwa kama ishara ya kushiba na kutunzwa; bwana akinawiri baada ya ndoa, anayesifiwa ni mkewe. Mtu akipungua kilo 20 ndani ya miezi michache, mtaa unaanza kupanga magonjwa: sukari, kifua kikuu, au ule ugonjwa ambao majirani huutaja kwa kushusha sauti. Na ukisema ukweli utakutana na wajuaji watakaokwambia umekimbilia kisu kwa uvivu wa kufanya mazoezi. Basi mtu ananyamaza.

Tuanze na ulichofanyiwa, maana wapo wanaorudi bila kujua vizuri. Aina ya kwanza, inayofanyika zaidi siku hizi, daktari anakata na kuondoa karibu robo tatu ya tumbo la chakula au zaidi kidogo. Linalobaki ni bomba jembamba lenye umbo la ndizi. Sehemu inayoondolewa ndiyo inayotoa kwa wingi homoni ya njaa, grelini, ndiyo maana miezi ya kwanza mtu anaweza kufika saa nane mchana bila kukumbuka kwamba hajala. Aina ya pili, tumbo linagawanywa na kubaki kijifuko cha mililita 30 hivi, yaani vijiko viwili vikubwa, kisha kinaunganishwa na utumbo mwembamba chini zaidi. Chakula kinaruka sehemu ya mwanzo ya utumbo, na huko kunakorukwa ndiko madini ya chuma na kalsiamu hunyonywa zaidi. Puto la kuwekwa tumboni ni habari nyingine: huingizwa kwa mdomo, hakuna kinachokatwa, na hutolewa baada ya muda, mara nyingi miezi 6 hadi 12. Omba ripoti ya upasuaji kwa maandishi kabla hujaruhusiwa kutoka. Miaka mitano baadaye kuna daktari atakayeihitaji, na wewe hutakumbuka.

Wengi wa wagonjwa wangu wamefanyiwa Dar es Salaam au India. Kutoka Dar, treni ya SGR imetupunguzia adha tangu ilipoanza kufika Dodoma mwaka 2024. Zamani ilikuwa basi, kilomita 450 hivi za kukaa na kukunja magoti. Hata kwenye treni usikae tu. Inuka, tembea kwenye behewa, kunywa maji kwa mafundo madogo, kwa sababu wiki hizo damu hupenda kuganda miguuni. Kigimbi cha mguu mmoja kikivimba na kuuma, au pumzi ikikata ghafla, nenda hospitali saa hiyo hiyo. Vivyo hivyo kwa mapigo ya moyo yanayokwenda mbio ukiwa umekaa, homa, maumivu ya tumbo yanayozidi au yanayopanda hadi begani: huenda sehemu iliyoshonwa inavuja. Usisubiri kuche ili umpigie daktari wa Dar. Na hapo swali langu la kwanza linarudi: usiku ule, anayekupeleka hospitali anajua aseme nini mapokezi?

Sasa chakula, ambako ndiko ninakotumia muda mwingi na wagonjwa. Kwa kawaida wiki mbili za mwanzo ni vya majimaji: maziwa yaliyopunguzwa mafuta, supu iliyochujwa, uji mwepesi usio na sukari. Ninaposema supu simaanishi ya makongoro ya asubuhi yenye mafuta yanayoelea. Baada ya hapo ni vilivyosagwa hadi wiki ya nne hivi, vilaini hadi ya sita au ya nane, ndipo vya kawaida. Hospitali zinatofautiana kidogo. Ratiba uliyopewa na daktari wako ndiyo uifuate.

Kwa mtu wa Dodoma, kazi kubwa ni kupindua sahani. Tumezoea ugali ndio chakula, na samaki au mlenda ni wa kuusindikiza. Mwili wako sasa unahitaji protini gramu 60 hadi 80 kwa siku, la sivyo utakula misuli yako yenyewe. Yai moja lina gramu 6 hivi, glasi ya maziwa 8, kipande cha samaki cha gramu 100 kama 20. Ukipiga hesabu utaona tumbo linalojaa kwa nusu kikombe halina nafasi ya tonge la heshima. Samaki kwanza, mboga zifuate, ugali mwishoni kama pamebaki pa kuuweka. Siku nyingi hapabaki.

Ugali wa uwele unastahili onyo lake. Ni chakula kizuri na siutukani, lakini tonge lisilotafunwa hukwama kwenye tumbo jipya. Mtu anahisi kifua kinabana, mate yanajaa mdomoni kama povu, kisha anatapika. Mkate mweupe, chapati, wali mkavu na nyama choma hufanya hivyo hivyo. Kuku wa kienyeji wa huku naye mwacheni kwanza. Hata sisi wenye matumbo mazima anatutoa jasho. Mlenda unapita vizuri, na wagonjwa wakigundua hilo wanafurahi mno, wanaula asubuhi na jioni. Mlenda peke yake hauna protini ya kutosha. Ninachowashauri ni dagaa: ondoa vichwa, kaanga bila mafuta hadi wakauke, saga wawe unga, changanya kijiko kimoja au viwili kwenye mlenda. Karanga za kusaga zinafaa pia ila zina mafuta mengi, kwa hiyo kwa kijiko, si kwa kumimina. Perege wa Mtera aliyechemshwa na kutolewa miiba ni laini, na sokoni Majengo hakosekani kwa muda mrefu. Ongeza choroko za kuponda, mtindi, mayai ya kuchemsha. Tafuna hadi chakula kiwe uji, mlo uchukue dakika 20 hadi 30, na kwikwi ya kwanza ikija, weka kijiko chini.

Hapa ndipo siri inapovunjika yenyewe. Mama mmoja alikwenda kijijini kwa wakwe, miezi mitatu baada ya upasuaji. Mama mkwe akamtazama anavyodokoa. "Mwanangu, mbona huli? Mkono wangu umeharibika siku hizi?" Ungejibu nini? Akala matonge mengine matatu kwa heshima, akaenda kutapika nyuma ya nyumba, na kabla ya jua kuzama ukoo mzima ulikuwa unampongeza kwa ujauzito. Safari iliyofuata alimweleza mama mkwe ukweli, wawili tu, jikoni. Tangu siku hiyo bibi yule amekuwa mlinzi kuliko mimi: anamtengea samaki kwenye kibakuli chake, na anayethubutu kumwongezea ugali anafokewa.

Kwa hiyo jibu langu kuhusu nani ajue ni hili: anayekupikia, mtu mmoja anayeweza kukukimbiza hospitali usiku, na kila mhudumu wa afya atakayekugusa. Mtaa hauna haki ya kujua. Waambie daktari amekubadilishia chakula. Huo si uongo. Kwenye sinia la pamoja omba kisahani chako, kidogo, kile cha chai, maana kwenye sinia hakuna anayejua amekula kiasi gani.

Maji: lita moja na nusu hadi mbili kwa siku, mafundo madogo, chupa isikae mbali nawe. Usinywe wakati wa kula, na baada ya kula subiri nusu saa. Kati ya Juni na Oktoba upepo wa Dodoma unakausha mtu bila yeye kutoka jasho, na nimeona waliolazwa kwa upungufu wa maji tu, bila ugonjwa mwingine. Najua maji ya huku yana ladha ya chumvi na soda inavutia. Soda ina gesi na ina sukari. Kamulia ndimu kwenye maji. Kuhusu kufunga, iwe Ramadhani au mfungo mkavu wa kanisani, ninawaomba wagonjwa wangu waache mwaka wa kwanza na baadaye tuzungumze.

Sukari ina adhabu yake, hasa kwa waliounganishwa utumbo. Glasi ya juisi ya zabibu au ubuyu uliokolezwa sukari inateremka moja kwa moja kwenye utumbo, na ndani ya nusu saa mtu anatoka jasho, moyo unamwenda mbio, tumbo linavuruga, anaharisha. Wengine wanapata awamu ya pili baada ya saa moja hadi tatu: sukari ya damu inashuka, mikono inatetemeka, macho yanaingiwa giza. Mvinyo wetu wa zabibu nao usiuchezee. Baada ya upasuaji huu pombe hupanda haraka kwenye damu na kukaa muda mrefu zaidi. Glasi moja inaweza kukutosha kupoteza usukani. Tena hatari ya kuwa mlevi huongezeka miaka inayofuata, hata kwa mtu ambaye hakuwa mnywaji mkubwa.

Tuje kwenye dawa. Mgongo unauma, unaingia duka la dawa la mtaani, unapewa diklofenaki. Kwa mtu mwenye tumbo lako, diklofenaki, ibuprofeni na asprini zinaweza kuchimba kidonda palipounganishwa, kidonda kikavuja damu kimya kimya. Omba parasetamoli, na kama asprini uliandikiwa kwa ajili ya moyo, muulize daktari wako kwanza. Mwenye kisukari anapona au anapata nafuu haraka mno, wakati mwingine ndani ya siku chache, kwa hiyo anayeendelea na insulini au glibenklamaidi kwa kipimo cha zamani anaweza kuanguka na kupoteza fahamu. Presha ni hivyo hivyo: ukisimama na kuona kizunguzungu, vidonge vinahitaji kupunguzwa na daktari, usivipunguze mwenyewe.

Na kuna hili la dripu, ambalo ningependa kila nesi wa zahanati alijue. Mtu aliyepunguzwa tumbo akitapika mfululizo kwa siku kadhaa, vitamini B1 inamwishia. Akitundikiwa maji ya sukari kabla ya kupewa B1, ubongo unaweza kudhurika: macho yanacheza, anayumba akitembea, anachanganyikiwa, na si wote wanaorudi kama zamani. B1 itangulie. Lakini nesi atajuaje, kama mgonjwa amesema anaumwa malaria?

Vitamini ni za maisha yote: multivitamini, B12 (vidonge au sindano), chuma, kalsiamu pamoja na vitamini D. Chuma na kalsiamu usivimeze pamoja, viachanishe saa mbili, na chai ya rangi ikae mbali na chuma. Ni gharama, najua. Wanaoacha huacha mwaka wa pili, wakati kila mtu anawasifia, na damu inapungua taratibu hadi siku anaposhindwa kupanda ngazi. Pima damu mwezi wa 3, wa 6, wa 12, halafu kila mwaka hata kama huumwi. Nywele zitakatika kati ya mwezi wa tatu na wa sita hivi. Usinunue mafuta ya miujiza. Protini na chuma vikiwa sawa, zinarudi.

Uzito nao hausogei milele. Kwa kawaida mtu hupoteza kati ya robo na theluthi ya uzito aliokuwa nao, yaani wa kilo 120 hufika 80 hadi 90, na hiyo huchukua mwaka mmoja hadi mmoja na nusu. Kisha mzani unasimama na kilo chache zinarudi. Hilo ni la kawaida. Zinaporudi nyingi, mara nyingi ninakuta chai tamu za kutwa nzima, au bakuli la karanga pembeni ya kompyuta.

Mwisho, akina mama. Kupungua uzito huamsha uzazi, na waliokata tamaa ya kupata mtoto wanashtukia wameshika mimba. Ngoja miezi 12 hadi 18, na kama umeunganishwa utumbo usitegemee vidonge vya majira, havinyonywi vizuri; sindano, kijiti au kitanzi ni bora. Mimba ikija, kliniki wajue tangu hudhurio la kwanza, kwa sababu kipimo cha kisukari cha kunywa glukosi kinaweza kukuangusha pale pale kwenye benchi. Mwombe daktari badala yake upime sukari kwa kidole, nyumbani, asubuhi kabla ya kula na baada ya kila mlo, kwa wiki moja kati ya wiki ya 24 na ya 28.