Kesi za uzembe hospitalini: ya barazani na ya kortini

Malindi na Lamu, mgonjwa akifia wodini, hukumu hutoka barazani kabla ya maziko. Wenye kliniki nao wana imani zao, na baadhi zinawaponza kuliko anayewashtaki.

"Mgonjwa amekufa, basi ni uzembe." La. Anayedai ndiye wa kuthibitisha: mhudumu alikuwa na wajibu kwake, alitenda chini ya kiwango, na upungufu huo ndio uliomdhuru. Kiwango hupimwa kwa desturi ya wenzake wa fani ileile, kipimo ambacho mahakama za Kenya zilikipata katika kesi ya Bolam ya Uingereza, 1957. Sharti la tatu ndilo mawakili wa hospitali hulitazama kwanza. Mama wa Faza, kisiwani Pate, akivuja damu kwa saa nyingi akisubiri boti, muuguzi aliyempokea Lamu hawezi kubebeshwa saa hizo. Lakini pamba ikisahauliwa tumboni, tukio lenyewe ni shahidi, na hospitali ndiyo itakayotakiwa kujieleza.

"Si alisaini fomu?" Sheria ya Afya ya 2017 inataka mgonjwa aelezwe hali yake, njia za matibabu, faida, hatari, gharama na haki ya kukataa, tena kwa lugha anayoifahamu. Bibi wa Pate aliyebonyeza kidole gumba kwenye karatasi ya Kiingereza ameelezwa nini? Hata aliyeelezwa vizuri amekubali upasuaji. Hakukubali upasuaji wa ovyo.

"Barua ya wakili ikija, tutalipanga faili." Hii ndiyo inayoniudhi. Nakala huenda tayari iko kwa familia, au hospitali mlikompeleka mgonjwa. Mstari mmoja ulioongezwa baadaye ukigunduliwa, hakimu hatauamini hata ule wa kweli. Utetezi huandikwa usiku wa tukio: saa aliyofika, presha, nani aliitwa, aliitika saa ngapi, partogramu (chati ya kufuatilia uchungu wa uzazi) iliyojazwa kadiri uchungu ulivyoendelea, si asubuhi kwa kukisia. Umekosea? Kata kwa mstari mmoja unaosomeka, tia tarehe na saini. Barua ikifika, faili lifungiwe kabatini, na bima waarifiwe siku hiyohiyo, kwa sababu kuchelewa kunaweza kuwapa kisingizio cha kutolipa.

"Hospitali ya serikali haishtakiwi." Inashtakiwa, ila muda ni mfupi: madhara yanayodaiwa kwa Serikali yana miezi 12, ya kliniki binafsi miaka 3. Usichome mafaili mwaka wa nne. Mahakama inaweza kumwongezea muda mtu ambaye hakuyajua mambo ya msingi ya dai lake. Na kusema "kosa ni la sista, si letu" hakusaidii, kwani mwajiri hubeba kosa la mwajiriwa aliye kazini.

"Baraza la madaktari limetusafisha." Vizuri, lakini baraza huangalia nidhamu na korti huangalia fidia. Samansi isipojibiwa, hukumu inaweza kutoka bila ninyi kusikilizwa.

Tena kuna wanaojitetea kwenye magrupu ya WhatsApp kwa kuanika vipimo vya marehemu, ati watu wajue ukweli. Siri ya mgonjwa inalindwa na sheria. Hapo umempa wakili wa familia dai la pili, na hili halihitaji daktari wa kulithibitisha.