Nyanya haina njaa, mzizi umekwama: dhana potofu za udongo, maji na mbolea Nyanda za Juu Kusini

Kwenye vinyungu (bustani za mabondeni) vya Kilolo, mashamba ya Ilula na mabonde ya Mbeya Vijijini, nyanya ikitoa jani la njano mkulima huambiwa jambo moja: ongeza mbolea. Wiki ikipita bila nafuu, ananunua busta, yaani mbolea ya maji ya kupulizia majani. Busta nayo ikishindwa, anapiga dawa ya ukungu. Msimu unaisha gharama imepanda, matenga yamepungua, na lawama zinakwenda kwenye mbegu au kwa mwenye duka la pembejeo.

Jambo hili linaniuma, kwa sababu fedha hiyo ni ya ada za watoto na ya bati za nyumba. Na mara nyingi chakula kilikuwamo shambani siku zote. Mzizi ndio ulioshindwa kukichukua: umezama kwenye maji, au umekauka, au udongo una tindikali inayouzuia kukua. Dhana ninazozieleza hapa utazisikia kuanzia Iringa hadi Tukuyu, na karibu zote zinamfanya mkulima akazie macho jani akasahau kilicho chini yake.

Dhana: Nyanya inayooza kitako ina ukungu, ipigwe dawa

Hii ndiyo inayokula fedha nyingi zaidi, kwa hiyo nitakaa nayo. Doa huanzia upande wa chini wa tunda, pale ua lilipodondokea. Mwanzoni huonekana limelowa, kisha linakuwa la kahawia, mwisho jeusi, gumu na lililobonyea. Mkulima akiona uozo anawaza ukungu. Ni kweli vimelea huweza kuingia baadaye kwenye kidonda hicho, lakini si vyenyewe vilivyokileta. Piga dawa ya ukungu ya bei yoyote unayotaka, kitako kitaendelea kuoza, maana hakuna kimelea cha kuua.

Chanzo ni tunda kukosa kalsiamu wakati linaumbika. Madini haya husafiri ndani ya mmea pamoja na maji, kutoka mzizini kwenda juu. Majani hupoteza maji mengi kwa jua na upepo, hivyo huvuta sehemu kubwa. Tunda hupoteza maji kidogo, hivyo hupata kidogo, na kitako ndiyo sehemu ya mwisho kufikiwa. Tena kalsiamu ikishatua kwenye jani haihami kwenda kwenye tunda. Ndiyo maana kupulizia majani busta yenye kalsiamu hakuleti mabadiliko ambayo watu huyatarajia.

Sasa tazama tunavyomwagilia. Maji ya mfereji ni ya zamu. Mwenye zamu mara moja kwa wiki anafurikisha shamba ili afidie siku zinazokuja, kisha jua na upepo wa Agosti na Septemba vinakausha udongo hadi unapasuka. Kalsiamu inaweza kuwa tele kwenye udongo huo, lakini siku zile za ukavu hakuna maji ya kuibeba, na siku za mafuriko mzizi umekosa hewa. Tunda dogo linalokua kwa kasi halisubiri zamu ijayo.

Tiba yake ni kuufanya unyevu usipande na kushuka hivyo. Tandaza nyasi kavu au mabua ya mahindi kwenye mashina. Ukiweza kugawana maji na jirani mkapata kidogo mara mbili kwa wiki badala ya mengi mara moja, fanyeni hivyo. Naona makubaliano ya namna hiyo yana faida kuliko chupa yoyote ya dukani. Wakati wa maua usimwage UREA, mbolea ya naitrojeni, kwa wingi, kwa sababu majani hushamiri na kuvuta kalsiamu zaidi, na naitrojeni ya aina ya amonia hushindana na kalsiamu mlangoni pa mzizi. Mbolea ya CAN inafaa zaidi hapo: nayo ni ya naitrojeni, lakini yenyewe ina kalsiamu ndani. Aina za nyanya zenye tunda refu huathirika kuliko za mviringo, kwa hiyo mwenye aina hizo awe mkali zaidi kwenye maji.

Tunda lenye doa halitapona. Lichume ulitupe ili mmea ulishe mengine. Na usihukumu marekebisho yako kwa matunda yaliyokwisha kuharibika: doa la leo lilianza tunda likiwa dogo. Angalia yale yatakayotoka kwenye maua ya sasa.

Dhana: Jani la njano linadai UREA

Swali la kwanza ni jani lipi. Naitrojeni huhama ndani ya mmea, hivyo ikipungua mmea huinyang'anya kutoka majani ya chini, ya zamani, na kuipeleka kwenye machipukizi. Majani ya chini yakiwa ya njano kwa usawa, jani zima, hapo kweli naitrojeni ni ndogo. Majani hayohayo ya chini yakiwa ya njano katikati ya mishipa huku mishipa yenyewe ikibaki kijani, fikiria magnesiamu. Kingo zake zikiungua, fikiria potasiamu. Lakini umanjano ukianzia juu, kwenye majani machanga, tatizo ni madini yasiyohama kirahisi, mfano chuma au salfa, na UREA haina hata kimoja kati ya hivyo. UREA ni naitrojeni asilimia 46, basi.

Swali la pili ni hali ya hewa. Juni na Julai, usiku wa Mbeya na Iringa ni baridi, na upande wa Njombe na Makete hadi umande huganda. Miche ikipandwa wakati huo hugeuka zambarau chini ya majani na kwenye mishipa. Hiyo ni dalili ya upungufu wa fosforasi, ila haina maana kwamba udongo hauna fosforasi. Mzizi wenye baridi hukua polepole na hauifikii. Joto likirudi Agosti, miche mingi hurudisha kijani bila kuongezewa kitu. Aliyeongeza DAP, mbolea ya kupandia yenye fosforasi, Julai huamini DAP ndiyo iliyoponya.

Swali la tatu ndilo ninalolipenda kuliko yote: umechimba? Kinyungu kipo bondeni, maji ya chini yako karibu. Matuta yakiwa mafupi, mzizi hukaa kwenye tope, hukosa hewa, na mmea mzima hugeuka njano ingawa mbolea imejaa. Ng'oa mche mmoja tu. Mzizi mzima huwa mweupe na mgumu. Ukiwa wa kahawia, unateleza na kunuka, mfuko wa mbolea hautasaidia. Pandisha matuta na fungua mfereji wa kutoa maji.

Dhana: Mmea ukinyauka mchana una kiu

Mara nyingine ndiyo. Mara nyingine jua la saa saba limezidi kasi ya mzizi, na jioni majani yanasimama yenyewe. Kabla ya kumwagilia, ingiza mkono udongoni kina cha kiganja, finyanga donge. Likishikamana bila kutoa maji, unyevu unatosha. Likisambaratika kama unga, mwagilia. Likitoa maji kati ya vidole, acha kabisa.

Kunyauka kunakopaswa kuogopwa ni kule kunakokuja ghafla, majani yakiwa bado kijani, udongo una unyevu, na jioni mmea hauinuki. Huo huenda ni mnyauko wa bakteria. Kipimo chake hakihitaji maabara: kata kipande cha shina karibu na udongo, kining'inize kwenye glasi ya maji safi, kitulie. Utelezi mweupe kama maziwa ukianza kushuka kutoka kwenye mkato ndani ya dakika chache, ni bakteria. Hapo kumwagilia kwa mfereji ni kuwapelekea majirani wa chini ugonjwa huo. Ng'oa mmea na udongo wake, utoe shambani, usafishe jembe. Bakteria huyu hushambulia pia viazi mviringo, bilinganya na pilipili, na kwetu viazi vipo kila kona. Ukitoa viazi vilivyonyauka ukaingiza nyanya shamba lilelile, umempa chakula kingine. Weka mahindi kwanza, na si kwa msimu mmoja tu.

Dhana: Udongo wetu una rutuba, hauna haja ya kupimwa

Ndugu zangu wa Rungwe na Uyole wana udongo uliotokana na majivu ya volkano, mweusi na mwepesi kulima. Wana haki ya kujivunia. Lakini udongo wa aina hiyo una tabia ya kuikamata fosforasi na kuifunga, hivyo DAP inayotawanywa juu juu sehemu yake kubwa haifiki kwenye mzizi. Iweke kwenye shimo, karibu na mche bila kuugusa. Huku Kilolo na Mufindi udongo mwingi ni mwekundu, mkongwe, umesafishwa na mvua za miaka mingi, na una tindikali. Tindikali nayo huifunga fosforasi.

Tindikali hupimwa kwa pH: namba ikishuka, tindikali imepanda. Nyanya hupenda pH kati ya 6 na 6.8. Ikishuka chini ya 5.5, aluminiamu iliyomo kwenye udongo huanza kuyeyuka na kuharibu ncha za mizizi. Mkumbuke pia kwamba pH 5 ina tindikali mara 10 zaidi ya pH 6, kwa hiyo tofauti inayoonekana ndogo kwenye karatasi si ndogo shambani.

Dawa ya tindikali ni chokaa ya kilimo. Huchukua muda kufanya kazi, hivyo ichanganywe na udongo miezi 2 hadi 3 kabla ya kupanda. Usiimwage siku moja na UREA, SA (salfeti ya amonia) au DAP, kwa maana naitrojeni itageuka gesi na kupotea hewani. Kiasi gani? Hapo ndipo kipimo kinapohitajika: udongo wa mfinyanzi hutaka nyingi kuliko wa kichanga hata pH ikiwa ileile, na chokaa ikizidi hufunga madini mengine. Anayekuambia idadi ya mifuko bila kuona majibu ya maabara anakisia kwa fedha yako.

Dhana: Mbolea ya chumvichumvi inaua udongo, samadi peke yake inatosha

Pande zote mbili zimebeba kipande cha ukweli. SA na UREA zikitumika mwaka baada ya mwaka huongeza tindikali, na SA ndiyo kali zaidi. Mkulima anayechoma masalia ya mazao na kurudisha UREA tu ataona shamba linachoka. Lakini mfuko wa kilo 50 wa UREA una kilo 23 za naitrojeni. Samadi kavu ya ng'ombe huwa na naitrojeni kama asilimia 1 hadi 2, kwa hiyo ili kufikia kilo hizo 23 unahitaji zaidi ya tani moja, na inaweza kufika mbili na ushee. Nani ana zizi la kiasi hicho kwa kila robo eka? Samadi iliyoiva iwekwe kwa ajili ya kushika maji na kulainisha udongo, kazi ambayo hakuna mbolea ya mfuko inayoiweza, kisha ya kupandia na ya kukuzia zijazie. Samadi mbichi, hasa ya kuku, huunguza mizizi.

Na ya dukani nayo huunguza ikizidi. Kizibo cha soda hubeba takribani gramu 5, ndiyo maana hutumika kama kipimo. Kuna wanaoamini vizibo vinne kwa shimo vitaleta nyanya mara nne. Chumvi ya mbolea ikizidi huyanyang'anya mizizi maji, kingo za majani zinakauka, na mkulima anafikiri mmea una kiu.

Mawili ya harakaharaka. Matone ya maji hayaunguzi majani ya nyanya jua likiwaka. Sababu ya kuepuka saa sita ni kwamba maji mengi huishia hewani, na sababu ya kuepuka kulowesha majani jioni ni bakajani, ugonjwa wa majani unaopenda unyevu. Majivu ya jikoni nayo yana potasiamu na kalsiamu na hupunguza tindikali, lakini hayana naitrojeni.

Kuhusu kupima, wakati mzuri ni mara baada ya kuvuna, ili chokaa ipate muda. Tembea shamba kwa kukatakata kona, chimba sehemu 10 hadi 15 kina cha sentimita 20, epuka pale palipowekwa samadi na kando ya njia. Changanya kwenye ndoo safi, kausha kivulini, chukua nusu kilo. Mwone bwana shamba akuelekeze maabara: TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania) Uyole ipo Mbeya, TARI Mlingano ya Tanga ndiyo kituo cha utafiti wa udongo, na Chuo Kikuu cha Sokoine Morogoro nacho hupima. Kinyungu na shamba la mlimani vipimwe mbalimbali. Juu ya mfuko andika jina la shamba, kina ulichochimba, zao lililotoka na linalofuata, na usitumie mfuko uliowahi kubeba mbolea.