Muumini akiingia siasa, imani haiachwi mlangoni

Kila karibu na uchaguzi yanarudi maneno yaleyale: Tanzania haina dini, kwa hiyo kiongozi Mkristo afiche imani yake. Sehemu ya kwanza ni kweli. Ibara ya 3 ya Katiba ya 1977 inaitaja nchi kuwa "isiyokuwa na dini". Hiyo "kwa hiyo" ndiyo haimo.

Ibara ya 19 inaacha ibada na kueneza dini kuwa hiari ya mtu, na uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Ibara ya 20 inakataza kusajili chama chenye lengo la kukuza maslahi ya dini fulani. Anayefungwa hapo ni dola na chama. Mbunge anakula kiapo ameshika Biblia au Kurani, na kikao cha Bunge kinaanza kwa dua. Sijui hapo imefichwa nini!

Mwalimu Nyerere, aliyebatizwa 1943, alihudhuria misa bila kificho akiwa Rais. Mwaka 1970 aliwaambia wamisionari wa Maryknoll, Marekani, kwamba Kanisa lisiposhiriki kupambana na mifumo inayowafanya watu maskini, litapoteza maana. Lakini ni serikali yake hiyohiyo iliyotaifisha shule, za Kanisa lake zikiwemo, chini ya Sheria ya Elimu ya 1969, ili watoto wasibaguliwe kwa dini. Mkatoliki wa wazi, na Kanisa lake halikupewa upendeleo.

Kosa linaanza pale mgombea anapoomba kura kwa sababu ya dhehebu lake.