Vinundu vya miguuni si majipu: weka wembe chini

Hapa Busia, mpakani, wagonjwa wanaofika kituoni na miguu iliyochanjwa chale hawaishi. Haya ndiyo maswali yao.

Vinundu hivi ni nini?
Ni vivimbe vigumu chini ya ngozi, vinauma vikiguswa, mara nyingi kwenye miundi ya miguu yote miwili. Kitaalamu huitwa erithema nodosamu. Vitabu vinasema ni vyekundu. Kwenye ngozi yetu nyeusi huenda ukaona weusi uliozidi tu, au usione rangi kabisa, ila mkono ukipita unahisi joto.

Si majipu? Nikiyapasua usaha utoke?
Hapana. Hamna usaha humo. Jipu huiva likatoa kichwa. Kinundu hiki hakiivi. Ukikipasua utapata damu, na kesho utakuwa na kidonda juu ya ugonjwa uliokuwa nao.

Basi vinatoka wapi?
Kinga ya mwili inapambana na kitu kilichoko kwingine, na mafuta ya chini ya ngozi yanavimba. Mara nyingi ni koo lililouma wiki mbili tatu zilizopita. Dawa za salfa, vidonge vya uzazi wa mpango na ujauzito navyo huvileta. Lakini kwa hapa kwetu mimi huwaza kifua kikuu mapema, hasa kwa mtoto, maana vinundu vinaweza kutangulia kikohozi. Aliyetibiwa ukoma, au aliye bado kwenye dawa zake, anaweza kupata vinundu vinavyofanana na hivi pamoja na homa. Huyo aje siku hiyohiyo, wala asikatize dawa.

Mama mkwe anasema nimetegewa, nimekanyaga kitu njiani. Anichanje kwanza, halafu nije?
Hapana, mama. Hakuna "kwanza", hakuna "halafu". Chale za mguuni haziponyi kifua. Wembe uliopita kwa mwingine unaweza kukuachia virusi vya Ukimwi au homa ya ini. Na wiki zile unazongoja chale zikauke, kama ni kifua kikuu, mtoto unayelala naye anavuta hewa unayoikohoa. Mama mkwe mheshimu, mwambie umeitwa kituoni, kisha uje. Usichanje.

Duka la dawa walinipa vidonge vidogo, vikapoa.
Mara nyingi huwa ni prednisoloni. Inapoza uvimbe upesi, ndiyo maana watu wanaipenda. Lakini inashusha kinga, na kifua kikuu kikiwa ndani kinapata nafasi ya kusambaa. Usiimeze kabla hujapimwa.

Kituoni nitafanywa nini?
Utatazamwa koo, utaulizwa kuhusu kikohozi, jasho la usiku na kupungua uzito, utapimwa makohozi, pengine na picha ya kifua. Kikiwa kifua kikuu, dawa katika vituo vya serikali ni bure, kwa kawaida miezi sita. Kwa maumivu, pumzika na uinue miguu.

Na kama vimepotea vyenyewe?
Njoo vilevile. Vinundu hupotea ndani ya wiki tatu hadi sita, chanzo kipone kisipone. Kifua kikuu hakiendi navyo. Njoo na vidonge vyote unavyomeza, hata vile vya uzazi wa mpango ambavyo mzee wa nyumbani havijui, tutaongea faragha.