Je, wajua umeme unaweza kutoboa seli ili dawa iingie, na seli isife?

Kuna dawa ya saratani inaitwa bleomisini, ikishaingia ndani ya seli ni balaa, inakatakata DNA, yaani maelekezo ya urithi ya seli, ila sasa kuingia ndo kazi. Utando wa seli kimsingi ni mafuta na bleomisini inapenda maji, kwa hiyo inazurura tu huko nje, inayopita ni kidogo mno.

Dawa yake ni umeme. Najua unawaza si seli itaungua? Sikia, ndani na nje ya seli kuna maji ya chumvi yanayopitisha umeme vizuri tu, anayegoma ni ule utando, na unene wake ni kama nanomita 5 hivi, basi nguvu yote ya umeme inakuja kujazana hapohapo. Ikifika kama volti 1, ambayo hata betri ya rimoti inaizidi, kwa wembamba ule ni sawa na volti milioni 2 kwa kila sentimita, mafuta yanashindwa kukaa kwenye mpangilio wake, maji yanapenya, vitundu vinafunguka.

Kinachoiokoa seli ni muda. Hospitalini Ulaya wanapiga mapigo 8, kila moja sehemu 1 ya 10,000 ya sekunde, halafu vitundu vinajifunga vyenyewe ndani ya sekunde au dakika chache na dawa imeshanasa ndani. Ukizidisha havifungi tena seli inakufa, na kuna madaktari wanafanya hivyo makusudi kuua uvimbe bila dawa yoyote.

Molekuli ndogo kama bleomisini haihitaji kusukumwa, tundu likiwa wazi inajipitia yenyewe hata umeme ukishazimwa. Ila ukitaka kuingiza DNA kwenye seli, hiyo ni kubwa, mpaka umeme uiburute, ndo kitu mwanasayansi Eberhard Neumann na wenzake walifanya kwenye seli za panya mwaka 1982. Upande wa bleomisini ni mtafiti Lluis Mir kule Ufaransa, mwaka 1991 timu yake ikatoa matokeo ya wagonjwa wenye uvimbe wa kichwa na shingo.

Kinachonifurahisha mimi ni kwamba dawa inawekwa kwenye mshipa, inazunguka mwili mzima, lakini inaua zaidi pale tu elektrodi, vile vyuma vya kupitishia umeme, zilipowekwa, kwingine milango imefungwa. Ila sio raha, misuli inaruka kila pigo, ndo maana mgonjwa anachomwa ganzi kwanza au analazwa usingizi kabisa.