Kuiandaa akili: maana yake na namna inavyosaidia kufikia malengo

Kuiandaa akili ni kuipa kitu kidogo mapema, kiwe neno, picha, harufu, mahali au wazo, ili jambo linalohusiana nacho lije kirahisi baadaye. Kitu hicho kinachotangulia huitwa kichocheo. Kinachofuata huwa ni fikra, hisia au kitendo. Mara nyingi mtu hatambui kwamba kichocheo kimemgusa, na hapo ndipo dhana hii ilipopatia umaarufu wake, na ndipo ilipopotoshwa zaidi.

Mwaka 1971 wanasaikolojia wawili wa Marekani, David Meyer na Roger Schvaneveldt, waliionyesha kwa jaribio rahisi. Watu walitazama mafungu ya herufi, mawili mawili, na kuamua haraka kama yote mawili ni maneno halisi. Jozi yenye muuguzi na daktari ilijibiwa upesi kuliko yenye muuguzi na siagi. Tofauti ilikuwa sehemu ndogo sana ya sekunde, lakini ilijirudia, na imeendelea kujirudia katika maabara nyingi tangu wakati huo.

Sababu yake iko katika jinsi kumbukumbu inavyojipanga. Akilini mambo hayakai kila moja peke yake. Yameunganishwa na yanayofanana nayo na yale yanayotokea pamoja nayo mara kwa mara. Moja likiguswa, yaliyo jirani nalo huamka kidogo, yakabaki kama mlango ulioegeshwa: haujafunguka, ila anayeusukuma hahitaji nguvu nyingi. Hata watu waliopoteza uwezo wa kukumbuka matukio mapya kutokana na maradhi ya ubongo huonyesha jambo hili. Wakisomeshwa orodha ya maneno, baadaye hawakumbuki kama waliwahi kuyaona. Lakini wakipewa maneno yaliyokatwa herufi wayakamilishe, huelekea kuandika yaleyale.

Mwamko wa namna hiyo mara nyingi hufifia upesi. Anayetaka kujifunza lugha, kuacha sigara au kumaliza tasnifu yake atafaidika kidogo sana na mwamko wa nusu dakika. Anahitaji kitu kitakachomgusa kesho, keshokutwa na mwezi ujao, tena katika saa ileile anayotakiwa kutenda.

Watafiti wengine walikwenda mbali kuliko ushahidi ulivyoruhusu. Mwaka 1996 John Bargh na wenzake waliripoti kwamba wanafunzi waliopanga sentensi zenye maneno yanayohusu uzee walitembea polepole kuliko wenzao walipotoka chumbani. Habari hiyo ilisambaa sana, na watu wengi wakaamini kwamba neno moja tu linaweza kumgeuza mtu mwenendo bila yeye kujua. Mwaka 2012 Stéphane Doyen na wenzake nchini Ubelgiji walirudia jaribio hilo wakipima mwendo kwa vihisi vya miale, na tofauti haikuonekana. Ilijitokeza tu pale wasimamizi wa jaribio walipokuwa wanatarajia kwamba washiriki watatembea polepole. Mwaka huohuo Daniel Kahneman, mwanasaikolojia aliyepewa Tuzo ya Nobeli ya uchumi mwaka 2002, aliwaandikia barua watafiti wa eneo hili akiwahimiza wayarudie majaribio yao kwa makini, kwa kuwa imani ya watu katika kazi hiyo ilikuwa imetikisika.

Nayataja haya kwa sababu kuna watu wanaoumia. Wameambiwa wabandike maneno ya ushindi ukutani, wasikilize sauti za kuwatia moyo wakiwa usingizini, wajitazame kwenye kioo na kujiambia kwamba wao ni matajiri au hodari. Yasipotokea, wanajihesabu kuwa ndio wenye kasoro. Utafiti wa Kanada uliochapishwa mwaka 2009 ulikuta kwamba watu wanaojithamini kidogo, wakirudiarudia sentensi ya kujisifu, walijisikia vibaya zaidi kuliko wenzao wa hali hiyohiyo ambao hawakuirudia. Ni rahisi kuelewa kwa nini: sentensi ikiwa mbali na anachokiamini mtu kuhusu nafsi yake, inamwamshia ushahidi wote wa kuipinga.

Basi ni nini kinachosaidia? Kwa maoni yangu, sehemu yenye thamani kubwa kuliko zote ni ile iliyofanyiwa kazi na Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia wa Ujerumani, tangu miaka ya 1990. Yeye hakutafuta kichocheo cha siri. Alimtaka mtu achague kichocheo chake mwenyewe, akijua anachofanya, kisha akifunge na kitendo kimoja kwa sentensi yenye sehemu mbili: likitokea jambo fulani, nitafanya jambo fulani. "Nitasoma zaidi" ni nia tu. "Nikimaliza kuosha vyombo vya usiku, nitakaa mezani na kufungua ukurasa nilioishia" ni mpango, na ndani yake kichocheo ni vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Kinachotokea akilini ni kilekile cha daktari na muuguzi, ila safari hii uhusiano umetengenezwa kwa makusudi. Tukio ulilolitaja linakuwa rahisi kulitambua likifika, na kitendo kinakuja bila mjadala mrefu wa ndani. Mjadala huo ndio unaowashinda wengi wetu jioni, tukiwa tumechoka.

Ushahidi hapa ni mzito zaidi. Katika jaribio la Uingereza lililochapishwa mwaka 2002, wanafunzi wa chuo kikuu waligawanywa katika makundi matatu na kufuatiliwa kama wangefanya mazoezi ya mwili ya dakika 20 angalau mara moja ndani ya wiki. Katika kundi lisilopewa chochote maalumu, asilimia 38 walifanya. Waliosoma maelezo ya kuwahamasisha kuhusu maradhi ya moyo walikuwa asilimia 35, maana yake hamasa haikuwasogeza. Waliosoma maelezo hayohayo na pia wakaandika siku, saa na mahali pa kufanyia mazoezi walifika asilimia 91. Majaribio mengine hayakutoa pengo kubwa kiasi hicho, lakini Gollwitzer na Paschal Sheeran walipojumlisha majaribio 94 mwaka 2006, waliona kwamba mipango ya aina hii husaidia malengo kutimia kwa kiasi cha kati hadi kikubwa.

Ugumu upo katika kuchagua kichocheo. Wengi huandika "nikipata nafasi" au "nikijisikia vizuri", na hivyo si vichocheo, kwa sababu hakuna wakati vinapoonekana wazi. Kichocheo kizuri ni kitu ambacho hakika kitatokea na ambacho utakiona, utakisikia au utakigusa: kengele ya simu, kufunga mlango wa ofisi, kumlaza mtoto, kukaa kwenye kiti fulani cha basi. Mimi napendelea tukio kuliko saa, kwa kuwa saa moja usiku inaweza kupita ukiwa umeinamia jambo jingine, lakini huwezi kufunga mlango bila kuushika. Kitendo nacho kiwe kidogo, cha kuanzia tu. Anayeandika "nitaandika kurasa tano" anajiwekea mzigo. Anayeandika "nitafungua faili na kusoma aya ya mwisho" amejipa pa kuingilia, na kuandika huja baada ya hapo.

Mpango wa kukataza huwa dhaifu. "Nikisikia hamu ya sigara, sitavuta" unalifunga neno hamu na neno kuvuta, na huo ni uhusiano uleule unaotaka kuuvunja. Afadhali kitendo cha kuchukua nafasi yake: "nikisikia hamu ya sigara, nitakunywa maji na kutoka nje." Pia usiyapangie malengo sita kwa mkupuo. Imeonekana kwamba mtu anayeandika mipango ya malengo mengi kwa pamoja huanza kuona ugumu wa yote, na msaada wa mipango hiyo unapungua.

Upande wa kujenga picha akilini nako kuna jambo ambalo watu huligeuza kichwa chini miguu juu. Wanashauriwa wajione wamekwisha kufika: wameshika cheti, wamepungua uzito, wamepata kazi. Gabriele Oettingen, naye kutoka Ujerumani, amelifuatilia suala hili kwa miaka mingi. Mwaka 1991 yeye na Thomas Wadden walichapisha utafiti wa wanawake waliokuwa katika programu ya kupunguza uzito. Wale waliokuwa na ndoto tamu zaidi kuhusu mafanikio yao ndio waliopungua kidogo zaidi. Baadaye alikuta wahitimu wa chuo waliozama katika ndoto za kupata kazi nzuri walituma maombi machache na kupata nafasi chache. Inaelekea akili hupokea ile raha kana kwamba kazi imekwisha kufanyika, na mwili unalegea.

Picha inayosaidia ni ya njia. Lien Pham na Shelley Taylor walionyesha mwaka 1999 kwamba wanafunzi waliojiona wakisoma kwa ajili ya mtihani, wakiwa wamekaa mahali fulani na vitabu mbele yao, walisoma zaidi na kupata alama za juu kuliko waliojiona wakifurahia matokeo. Oettingen anaongeza kikwazo: kwanza taja unachotaka, kisha uone tokeo lake zuri, halafu ujiulize ni kitu gani ndani yako kinachokuzuia, na mwisho kikwazo hichohicho ukifanye kichocheo cha mpango wako. Ukigundua kwamba kinachokupokonya jioni ni simu, mpango unakuwa: "nikijikuta nimeishika simu baada ya chakula, nitaiweka chumba kingine na kurudi mezani." Nadhani hapa ndipo ustadi wa jambo lote ulipo, kwa sababu kikwazo kilichokuwa adui sasa ndicho kinachokukumbusha.

Mazingira hufanya sehemu yake kimyakimya. Viatu vya mazoezi vilivyowekwa mlangoni, kitabu kilichoachwa wazi juu ya mto, peremende zilizoondolewa mezani. Karatasi ukutani inaweza kusaidia pia, mradi inataja kitendo cha kufanya papo hapo. Lakini baada ya majuma machache jicho huizoea na kuacha kuiona, kwa hiyo ihamishe au ibadilishe.

Haya yote hayafanyi kazi kwa lengo usilolitaka. Mpango uliofungwa kwenye lengo ulilopewa na mtu mwingine, ambalo moyoni hulikubali, hautakusukuma. Na ukihama nyumba au zamu yako ya kazi ikibadilika, vichocheo vya zamani vinabaki kule vilikokuwa, kwa hiyo mpango uandikwe upya siku zilezile za mwanzo, kabla mahali papya hapajakufundisha mazoea yake. Kichocheo kikijitokeza mara kadhaa nawe usitende, usianze kwa kujilaumu. Angalia kwanza kama ulikiona. Kama hukukiona, tafuta kingine kinachoonekana zaidi. Kama ulikiona ukakipita, punguza kitendo mpaka kiwe cha dakika mbili, kisha ujaribu tena kesho yake.