Je, wajua kwa nini bolti za kalipa hulegea zenyewe hata zikikazwa kwa nguvu zote?

Gari limebadilishwa pedi za breki, bolti zimekazwa mpaka fundi akatokwa na jasho, na bado baada ya safari chache za njia ya vumbi kuelekea Marafa kalipa inacheza. Ukirudi gereji utaambiwa, "Mzee, wallahi nilikaza!" Na mara nyingi fundi husema kweli. Basi bolti iliyokazwa hujifunguaje bila kuguswa na mkono wa mtu?

Kalipa ndiyo inayobana pedi kwenye diski ukikanyaga breki. Kwenye magari mengi madogo yanayozunguka Malindi, Probox na mfano wake, kalipa ya mbele hutegemea bolti za aina mbili. Mbili ndogo huishikilia kwenye pini zake za kuteleza, na mbili kubwa hushikilia braketi, yaani fremu inayoibeba kalipa, kwenye chuma kinachobeba gurudumu. Ndogo hukazwa kwa Nm 30 hivi (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukazia). Kubwa hufika Nm 100 au zaidi kidogo, ingawa kipimo cha kufuata ni kile kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari lenyewe. Nm 100 ni kama kuning'iniza kilo 20 hivi kwenye ncha ya spana yenye urefu wa nusu mita.

Wengi wetu huamini kwamba bolti hushika kwa meno. Meno kazi yake ni kuivuta tu. Unapokaza, chuma cha bolti hurefuka, nacho hutaka kurudi urefu wake wa kwanza, na huko kutaka kurudi ndiko kunakobana vyuma viwili pamoja. Ni kama kitanda cha kamba: kinachokifanya kisiyumbe ni mvuto wa kamba iliyowambwa, wala si fundo. Bolti ya unene wa milimita 12 ikikazwa Nm 100 kwenye braketi hurefuka kiasi cha unene wa unywele tu. Lakini unywele huo huzaa nguvu ya kubana inayokaribia tani 4.

Hapo ndipo hatari ilipo. Ikiwa nguvu yote imesimama juu ya unywele mmoja, chochote chenye unene wa unywele kinaweza kuimaliza. Tabaka la rangi lililopuliziwa braketi ili ipendeze, ganda la kutu, mchanga laini ulioingia kati ya vyuma: vyote hivyo hushikilia siku ya kwanza, kisha husagika kidogo kidogo gari likitembea. Vyuma husogeleana, na bolti hurudi urefu wake wa zamani bila hata kuzunguka. Ukiitazama kwa macho iko palepale ilipoachwa, ila haibani tena.

Kwetu pwani jambo hili ni zito kuliko bara. Hewa ya chumvi haichoki. Gari linalolala karibu na ufuo, au linaloachwa Mokowe mwenyewe akivuka kwenda Lamu, hujenga kutu mahali ambapo macho hayafiki, hasa nyuma ya braketi na ndani ya matundu ya bolti. Kutu hiyo hudanganya mkono pia. Hata bolti ikiwa safi, karibu asilimia 90 ya nguvu unayotia kwenye spana huliwa na msuguano, 50 hivi chini ya kichwa cha bolti na 40 hivi kwenye meno. Ni kama asilimia 10 tu inayoirefusha bolti. Meno yakiwa na kutu, hiyo 10 nayo hupungua. Spana imekuwa nzito, fundi ameridhika, na bolti haijarefuka inavyopaswa. Ndiyo maana nasema fundi husema kweli: alikaza, ila alichokikaza ni kutu.

Baada ya mbano kupungua ndipo bolti huanza kuzunguka yenyewe. Mhandisi Gerhard Junker alilieleza jambo hili mwaka 1969. Alionyesha kwa majaribio kwamba kinachofungua bolti vibaya zaidi ni vyuma vilivyofungwa pamoja kuteleza pembeni, huku na huku. Mitikisiko ya kuivuta kwa urefu wake haiifungui vibaya kiasi hicho. Kila vyuma vinapoteleza, msuguano uliokuwa unaizuia bolti isizunguke hupotea kwa muda mfupi sana, na kwa kuwa meno yake yana mteremko, bolti huteremka kidogo. Kalipa hupata mateso hayohayo. Ukifunga breki ukienda mbele diski huivuta upande mmoja, ukirudi nyuma ukafunga tena huivuta upande wa pili, na barabara yenye matuta madogo huitikisa kati ya hayo mawili. Mbano ukiwa kamili vyuma haviteleziani, na visipoteleziana bolti haina pa kuanzia.

Majaribio ya namna hiyo yaliivua heshima washa ya springi, ile iliyokatwa upande mmoja. Bado inauzwa kila duka la spea na bado inaaminiwa, lakini mbele ya mtelezo wa pembeni haizuii kitu cha maana. Kama gari halikuja nayo kiwandani, usiiongeze kwenye kalipa.

Kinachosaidia kweli ni usafi. Piga brashi ya waya kwenye meno ya bolti, kwenye tundu lake, na kwenye uso wa braketi unapokutana na chuma cha gurudumu, mpaka uone chuma kitupu. Futa mafuta yote kwa dawa ya kusafishia breki. Hapa kuna kosa ninaloliona mara kwa mara: grisi inayopakwa pini za kuteleza hupakwa na bolti pia. Pini yataka grisi, tena ile ya silikoni isiyoharibu mipira yake. Bolti haitaki, labda kitabu cha gari kiseme hivyo. Ikiwa na grisi, kipimo kilekile cha spana huirefusha kupita kiasi, na bolti iliyovutwa kupita kiasi hairudi tena kuwa nzima.

Kisha kuna gundi ya bolti. Vernon Krieble, profesa wa kemia wa Hartford, Marekani, ndiye aliyeifanya iwe bidhaa miaka ya 1950, kwa jina la Loctite. Tabia yake ni ya ajabu: ikikaa na hewa hubaki majimaji, ikinyimwa hewa katikati ya chuma huganda. Ndiyo sababu chupa yake mpya huja ikiwa na nafasi tupu, usidhani umepunjwa. Kwa kalipa tumia ya buluu, matone mawili matatu kwenye meno makavu. Nyekundu iache, kwa sababu kuifungua huhitaji kuchoma bolti kwa moto wa karibu nyuzi 250, na moto huo ukiwa karibu na mipira ya breki huleta hasara nyingine. Bolti nyingine mpya huja na gundi iliyokauka tayari kwenye meno, na hizo hazirudishwi zikishafunguliwa.

Ukimaliza kukaza kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, chora mstari mmoja wa rangi ya kucha kutoka kichwa cha bolti hadi kwenye braketi. Baada ya safari ya kwanza ya Mombasa, kilomita 120 hivi, chungulia. Mistari ikiwa imenyooka, usiiguse spana, maana kuikaza tena bolti yenye gundi iliyoganda ni kuivunja gundi yenyewe. Mstari ukiwa umekatika, usiikaze tu ukaondoka. Ifungue, safisha upya, weka bolti mpya, na angalia kama tundu limepanuka. Kagua na mpira unaopeleka mafuta ya breki, kwa sababu kalipa iliyolegea huuvuta na kuusugua kwenye rimu, na ukipasuka, pedali ya breki itazama na breki zitapungua nguvu vibaya.